Pembeni ni Wapi?

Siku niliyohamia Syokimau, askari wa geti aliniuliza nambari ya gari kabla hajaniuliza jina. Nilikuwa nimeshuka kwenye pick-up ya kukodi iliyonileta kutoka Kithimani, godoro limefungwa kamba juu, sufuria zinagongana nyuma, na jasho limenilowesha mpaka kwenye soksi. Nikamwambia hii si yangu, ikishusha vitu inarudi zake.

"Na yako iko wapi?"

"Sina ngari."

"Inakuja lini?"

"Haiji."

Alipolisikia lile "ngari" akacheka, akanyoosha mkono tusalimiane. Sisi Wakamba herufi g ikiwa peke yake hutukwama kooni, lazima tuisindikize na n. Yeye alikuwa mtu wa Kithyoko, kule Masinga, na tangu siku hiyo akawa ananiita mwaitu, yaani mama, ingawa hatupishani sana umri. Akanionya kwa upole kwamba huku mtu bila gari hupata taabu. Nikamwambia mimi na taabu tumezoeana.

Nilikuwa nimepata kazi, hicho ndicho kilichonileta. Kwa miaka mingi nilifanya kazi kwenye ghala la nafaka Kithimani, napima unyevu wa mahindi, nayakagua kama yana ukungu, na niliona wazi kwamba nikikaa pale nitazeeka katikati ya magunia. Kiwanda kimoja cha unga upande wa Mavoko kilipotangaza nafasi kwenye maabara, niliandika, nikaitwa, nikavaa viatu vya kanisani nikaenda. Bosi, mwanamume mwembamba anayeongea haraka haraka, aliniuliza mambo ya mahindi nikamjibu yote. Mwishoni akauliza, "Uko na gari?"

"Niko na miguu."

Wote mezani wakacheka, wakidhani natania. Kazi wakanipa. Bosi akanieleza kwamba malori ya mahindi huanza kujipanga alfajiri, kwa hivyo saa moja niwe mezani, bila hadithi. Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya majaribio. "Ukianza kuchelewa chelewa," akasema, "tutaagana vizuri tu, mama."

Mtu asinielewe vibaya. Kuendesha najua, na leseni ninayo. Pick-up ya ghala nimeiendesha barabara za Yatta zenye mashimo ya kumeza mbuzi. Gari sikununua kwa sababu sikutaka. Ule ulikuwa mshahara wangu wa kwanza wa maana, na sikuona kwa nini niumwage kwenye petroli ili nifike mahali ambapo miguu yangu inafika yenyewe. Watu waliponiuliza niliwaambia hivyo hivyo, na waliniangalia kama mgonjwa anayekataa dawa.

Nyumba niliichagua kwa akili. Nyuma ya mtaa wetu, kwenye ukuta mrefu wenye waya za umeme juu, kulikuwa na geti dogo la chuma la kupita mtu mmoja mmoja. Ukitoka hapo unaingia kwenye uwanda wa udongo mweusi, unafuata njia ya miguu, na nusu saa ikiisha uko kiwandani. Mvua ikinyesha ule udongo unashika kiatu unataka kubaki nacho, basi nilivaa gambuti na viatu vya kazi nikavibeba kwenye mfuko. Kwa barabara ilikuwa hadithi nyingine. Unatoka geti kubwa, unafuata kibarabara chembamba cha lami mpaka barabara kuu, unapanda daraja, unashuka, unarudi nyuma tena, karibu saa nzima, malori yanakupepea sketi. Matatu zote zilikuwa zinakimbilia Nairobi, kiwandani haziendi. Na bodaboda niliapa zamani, goti langu la kushoto lina kovu la kueleza sababu.

Wee! Huo mtaa ulinishangaza. Watu waliwasha gari kwenda kununua maziwa dukani, na duka liko pale unaliona. Majirani walisalimiana kwa honi. Watoto walijuana kwa magari, yule wa ile nyeupe, yule wa ile kubwa nyeusi. Mimi kwa sababu nilikuwa napita kwa miguu, sikuonekana kama mkazi. Wiki ya kwanza mama mmoja wa ghorofa ya juu alinikuta kwenye ngazi na mfuko wangu wa viatu, akaniuliza kwa tabasamu kabisa, "Kwani wewe unafanya kwa nani?"

"Nafanya kwangu," nikamwambia. Hakunielewa, nami sikumfafanulia.

Halafu kulikuwa na pakingi. Kila nyumba ilikuwa na yake, imechorwa rangi ya njano, na kodi yake iko ndani ya kodi ya nyumba utake usitake. Basi nikatafuta magunia, nikajaza udongo, nikapanda mbaazi na kunde. Mbaazi, ambazo kwetu ni nzuu, zikapenda lile jua la ukutani zikapanda juu na kutoa maua. Mwenyekiti wa wakazi, mzee aliyestaafu benki, mtu wa suti hata siku ya Jumamosi, alikuja kuniambia kwamba pakingi si shamba. Nikamuuliza kama kodi ninayolipa inasema lazima kitu kiwe na magurudumu. Akasema atarudi na jibu. Hakurudi, na mbaazi nilizila na chapati Krismasi.

Nafikiri ni hapo aliponiwekea kinyongo moyoni.

Baada ya mwaka mpya, wakati miezi yangu ya majaribio inakaribia kuisha, mtungi wa gesi wa mtu fulani ukaibiwa kwenye varanda. Asubuhi yake kwenye grupu ya simu ya mtaa mwenyekiti akaandika kwamba chanzo cha wizi wote ni ile njia ya panya nyuma ya mtaa, na kwamba geti dogo litachomelewa lisifunguke tena. Njia ya panya! Hiyo ni njia ya magendo, ya bangi na sukari ya wizi. Nilisoma nimesimama jikoni na uji unachemka, na uji ukamwagika nikauacha umwagike. Mimi ndiye niliyekuwa napita pale kila siku. Mimi, na wafanyakazi wenzangu wachache, na akina mama wanaokuja asubuhi kufua na kulea watoto wa watu, na askari wa usiku wakirudi kwao. Kumbe sisi wote ni panya.

Nilijua hesabu yake. Geti likifungwa nitazunguka barabarani, nikizunguka nitachelewa, nikichelewa kazi imeenda. Ama ninunue gari. Hapo ndipo walipotaka kunifikisha hata kama hawakujua.

Mkutano ulifanyika Jumapili jioni kwenye uwanja wa watoto. Haki ya Mungu, watu walikuja na magari. Kutoka mlango wa nyumba mpaka uwanjani, mahali ambapo ungeweza kutupa mwiko ukafika! Wakaegesha, wakashuka, wakakaa kwenye viti vya plastiki. Nikainua mkono nikapewa nafasi. Nikawaambia mwizi wa kubeba mtungi uliojaa gesi hawezi kukata uwanda wa matope nao mgongoni, mwizi wa siku hizi anakuja na ngari, tena anapigiwa saluti getini.

Kijana mmoja wa nyuma akarudia, "Ngari!" Wenzake wakaangua kicheko. Mwenyekiti naye akatabasamu chini chini akijifanya anaangalia simu.

Nilihisi masikio yamepata moto. Nimeongea hivyo tangu nizaliwe, mama yangu aliongea hivyo, na nimepimia mahindi nusu ya Yatta nikiongea hivyo. "Ndiyo, ngari," nikasema kwa sauti zaidi. "Ngari, ngeti, na ngrupu. Mmecheka? Sasa nijibuni. Sisi tusio na ngari tupite wapi?"

Mwenyekiti akasema muda umekwisha. Walipiga kura kwa mikono, na yangu ilibaki peke yake hewani kama ya mtoto anayeomba ruhusa ya choo. Wale akina mama wa kufua si wakazi, hawakuitwa. Jumamosi iliyofuata fundi wa kuchomelea akaja, cheche zikaruka, geti likawa sehemu ya ukuta.

Jumatatu nilitoka nyumbani mapema kuliko kawaida na bado nikachelewa. Lile daraja sikuwa nimelipima vizuri. Bosi alikuwa amesimama karibu na malori, akaangalia saa yake, akaniangalia, akanyamaza. Mtu anayeongea haraka haraka akinyamaza, ujue umeharibikiwa.

Jumanne mvua ilikuwa imenyesha. Kile kibarabara chetu upande mmoja kina ukuta wa mtaa jirani, na upande wa pili una mtaro wa maji, wa kina kirefu, wa saruji. Lami yenyewe inatosha gari mbili zikibanana. Nilikuwa natembea na mgongo ukutani nilipomwona kwa mbele mama mmoja anakuja, mtoto mgongoni. Nilimjua, alikuwa anafanya kazi nyumbani kwa mwenyekiti, anafua, anapika, anawalea wajukuu wake. Gari likatoka geti kubwa kwa kasi, na lingine likaingia, na yule mama akakosa pa kuweka mguu. Nilimwona akiingia mtaroni. Hakuanguka kwa kelele. Alikaa tu chini, maji mpaka kiunoni, mikono yote miwili imerudi nyuma inamshikilia mtoto.

Hakuna gari lililosimama. Niliruka ndani ya ule mtaro na gambuti zangu, nikamtoa mtoto kwanza. Alikuwa mzima, analia kwa hasira, na kulia kwake kulinifurahisha. Mama yake alikuwa anatetemeka na kuomba msamaha. Anaomba msamaha! Nikamuuliza unamwomba nani? Akasema hajui, lakini lazima afike, wale wajukuu wa mwenyekiti wanaenda shule. Nikamvika sweta langu, nikamsindikiza mpaka getini. Yule askari wa Kithyoko alipomwona alivua kofia akamwita Mungu, "Ngai!" Akamwingiza kibandani apate kukausha mtoto.

Kazini nilifika saa mbili na kitu, matope mpaka mapajani. Bosi hakunyamaza tena. Alisema ananipenda kama mfanyakazi, lakini malori hayangoji mtu, na kesho nikichelewa nisijisumbue kuvaa koti la maabara. "Nunua hata kagari kadogo, mama. Kwani ni dhambi?"

"Si dhambi," nikasema. "Lakini sinunui."

"Basi unajifukuza mwenyewe."

Jioni hiyo sikulia, ingawa nilitaka. Nilikuwa na hasira. Nilikaa nikimfikiria yule mama akiuomba msamaha mtaro wa maji, na nikajiambia kama pembeni hapakai mtu, basi katikati panakaa. Nilimpigia simu. Yeye akawapigia wenzake wa kufua. Nami nikawapigia wale wenzangu wa kiwandani, na nilipofika getini kumweleza yule askari akasema yeye hajasikia kitu, lakini atatuombea.

Jumatano tulitoka kabla ya saa kumi na mbili. Sisi wa kiwandani tulikuwa tunatoka, akina mama walikuwa wanaingia, na wote tulikuwa katikati ya lami. Hatukukimbia, hatukuimba, hatukubeba matawi. Tulitembea tu kama watu wanaoenda kazini, na kila mtu alikuwa na upana wake wa kutosha. Gari la kwanza likapiga honi nyuma yetu. La pili likapiga. Halafu yakawa mengi, na yale ya kuingia nayo yakaanza kubanana nyuma ya akina mama. Mimi moyo ulikuwa unanidunda, nasema kweli, lakini miguu iliendelea. Mwenda pole hajikwai.

Mlango wa gari ukafunguka nyuma yangu na mwenyekiti akashuka, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. "Mama!" akaita. "Mama, hii ni nini sasa? Ambia watu wako watembee pembeni!"

Nikasimama. "Pembeni ni wapi, mzee?"

"Pembeni! Pembeni si ni pembeni?"

"Mimi ni mgeni, sipajui. Njoo unionyeshe, nitaenda huko sasa hivi, na hawa wote watanifuata."

Akatoka mbele ya gari lake kwa hatua ndefu za mtu anayeenda kuonyesha kitu. Akaenda upande wa kushoto, kukawa na ukuta. Akaweka bega lake pale, na kioo cha gari lililokuwa linajaribu kujipenyeza kikamkwangua mgongoni. Akageuka akavuka upande wa kulia. Alisimama kwenye ukingo wa ule mtaro, viatu nusu hewani, akiangalia maji chini. Aliangalia mbele, akaangalia nyuma. Lori la mchanga likampigia honi, ile kubwa ya kupasua kifua, akaruka na kunishika mkono.

Yule mama alikuwa amefika karibu, mtoto mgongoni. Akamwamkia, "Shikamoo mzee," kwa sababu ni bosi wake. "Jana nilianguka hapo uliposimama."

Mwenyekiti akaangalia tena maji chini. Alikuwa bado amenishika mkono. Nikangoja auachilie mwenyewe.

Lile lori la mchanga likajaribu kurudi nyuma ili lipishe, gurudumu likaingia mtaroni, likalala mshazari barabara nzima. Basi, barabara ikafa. Hakuna gari la kutoka wala la kuingia. Akina mama waliendelea kwenda kwenye nyumba za watu, sisi tukapita kandokando ya lori mmoja mmoja, na honi zote zikabaki huko zikilia zenyewe.

Nilifika kiwandani, nikavaa koti jeupe, nikakaa mezani, na saa moja haijafika. Nikapima lori la kwanza, la pili, la tatu. Bosi hayupo. Saa mbili, hayupo. Nilikuwa nimesahau kwamba anakaa mtaa ulio mbele ya wetu, kwenye kibarabara hicho hicho. Aliingia karibu saa nne, tai imelegea, anafoka kwenye simu kuhusu jam na wendawazimu fulani walioziba barabara. Akaniona. Simu ikashuka taratibu kutoka sikioni.

"Pole kwa kuchelewa, bosi," nikasema. "Ngari ilikuwa na shida?"

Wasaidizi wangu wawili wakainamia mahindi wasionekane. Nilidhani nimejimaliza mwenyewe kwa ule mdomo wangu, na hata hapo sikujuta. Halafu bosi akavuta kiti akakaa, akajifuta uso, akaniuliza taratibu, "Kwani ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaomba nimweleze, nikamweleza kuanzia mtungi wa gesi. Hakusema pole wala hongera. Aliuliza malori mangapi yamepita, nikamwambia, akaondoka. Mwisho wa mwezi jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi wa kudumu. Na mtu asinidanganye kwamba alinihurumia, alikuwa ameona nani hufika.

Geti dogo lilifunguliwa Jumamosi ya wiki ile ile tuliyotembea. Tulikuwa tumerudia kutembea katikati Alhamisi na Ijumaa, na kwenye grupu watu walianza kumuuliza mwenyekiti, si sisi, hii kero itaisha lini. Fundi alikuja na grainda, akakata pale pale alipochomelea. Akina mama walikuja kuangalia, yule askari pia, na watu wachache wa mtaani, safari hii kwa miguu. Mwenyekiti alikuwa amevaa suti. Chuma kilipoachia akalisukuma geti mwenyewe, likalia, na akatugeukia na uso wa sherehe.

"Haya," akasema. "Tumewafungulia."

Wakaanza kumshukuru. Asante mzee, Mungu akubariki mzee. Yule mama wa mtoto akasema "nĩ mũvea" mara mbili, kwa Kikamba na kwa moyo wake wote, na akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mwenyekiti akawa anaitikia kila mtu kwa kichwa, mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu. Akangoja. Askari akanigusa kiwiko, akaninong'oneza, "Mwaitu, sema asante, yaishe."

Mtu akikukanyaga mguu, halafu akauondoa, humwambii asante. Nilimwangalia mzee machoni, sikuwa na chuki naye tena, lakini neno hilo sikuwa nalo. "Mlikuwa mmefunga," nikamwambia, nikapita.